Ukikamatwa na ulevi Uingereza, ogopa kufungiwa leseni kuliko faini

Ndugu Mhariri,

Katika safu yenu ya Watanzania walio ughaibuni umeandikwa ushauri kwamba dereva akikamatwa amelewa Uingereza "atalipa faini na mambo yataisha", na kwamba painti mbili za bia haziwezi kumfikisha mtu mahakamani. Kauli ya kwanza si kweli, na ya pili ni bahati nasibu. Sisi tunaoandika barua hii tunawasaidia wazungumzaji wa Kiswahili hapa Leicester kuelewa karatasi za polisi na za mahakama, na kila tukisikia maneno kama hayo tunajua kuna mtu atayaamini mpaka siku atakaposimama mbele ya hakimu. Tunaomba nafasi tueleze sheria ilivyo.

Tuanze na kipimo. Kwa mujibu wa Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1988, kikomo kwa Uingereza yenyewe na Wales ni mikrogramu 35 za kilevi katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu, au miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Wakenya wanaokumbuka Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupuliza, wataitambua hiyo 35. Scotland ni habari nyingine: tangu tarehe 5 Desemba 2014 kikomo chao ni 22 kwa pumzi na 50 kwa damu. Kwa hiyo dereva anayetoka Manchester kwenda Glasgow akiwa halali anaweza kuvuka mpaka na kuwa mkosaji bila kuongeza hata funda moja.

Hizo namba hazihesabu chupa. Mwili wa kila mtu unapokea kilevi kwa namna yake: uzito, jinsia, chakula kilichomo tumboni na kasi ya kunywa, vyote vinabadilisha matokeo. Kinachohesabika ni yuniti, nayo unaipata kwa kuzidisha mililita kwa asilimia ya kilevi kisha kugawa kwa 1,000. Painti ya hapa ni mililita 568. Bia ya asilimia 5 inatoa yuniti 2.8 kwa painti moja, wakati chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 4.2, ambayo wengi wameizoea Nairobi, ni yuniti 2.1. Konyagi ya asilimia 35 kwenye chupa ndogo ya mililita 250 ni karibu yuniti 9. Baa ya hapa inapima pombe kali mililita 25 au 35 kwa toti, lakini kwenye sherehe za nyumbani mwenyeji anamimina kwa jicho, na jicho la mwenyeji mkarimu halijawahi kuwa kipimo.

Mwili unaondoa takriban yuniti moja kwa saa. Kahawa, supu ya pweza, kuoga maji baridi na kulala havibadilishi kasi hiyo. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, tena asubuhi, wakiwa na uso mkavu na sare za kazi. Aliyekunywa painti tano za asilimia 5 amebeba yuniti 14. Akimaliza saa sita usiku, akalala, akaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu, hesabu ya tahadhari inasema kilevi bado kimo mwilini na kitaendelea kuwamo hadi mchana. Trafiki wanajua hivyo, na wanasimamisha magari asubuhi vilevile.

Askari mwenye sare anaweza kusimamisha gari lolote bila kutoa sababu. Kukutaka upulize ni hatua nyingine: awe na shaka kwamba umekunywa, au umevunja sheria ya barabarani gari likiwa linatembea, au kumetokea ajali. Kama umetoka kunywa dakika chache zilizopita, mwambie, kwa sababu kilevi kilichobaki mdomoni hupandisha namba na utaratibu ni kusubiri dakika 20. Kile kifaa cha barabarani si ushahidi wa kukutia hatiani. Kazi yake ni kumpa askari sababu ya kukukamata. Ushahidi unatoka kwenye mashine kubwa ya kituoni, ambako unatoa pumzi mara mbili na inayotumika ni ile ndogo. Ukipata 52 na 49, unashtakiwa kwa 49. Kwa kawaida polisi hawafungui mashtaka mpaka namba ya chini ifike 40, ili kuacha nafasi ya kosa la mashine. Huo ni utaratibu tu, si haki ya kudai.

Kuna ushauri wa zamani unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "ukiwa kati ya 40 na 50, dai kipimo cha damu." Haki hiyo ilikuwepo kweli, lakini ilifutwa tangu Aprili 2015. Siku hizi damu au mkojo vinatakiwa mashine ikiwa mbovu au haipo, au kukiwa na sababu ya kiafya, au dawa za kulevya zikishukiwa, na anayechagua kati ya damu na mkojo ni polisi. Damu hutolewa na daktari au muuguzi na kugawanywa mara mbili. Chukua sehemu yako ukipewa nafasi, kwa sababu ndiyo pekee unayoweza kupeleka maabara binafsi kupinga matokeo.

Kosa linalowaumiza watu wetu kuliko mengine ni kukataa kupuliza kituoni. Huko nyumbani wamezoea kwamba usipotoa ushahidi hakuna kesi. Uingereza, kukataa kutoa sampuli bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea, na kwa aliyekuwa akiendesha adhabu yake ni ileile: kifungo kisichozidi miezi 6, faini isiyo na ukomo, na kufungiwa leseni angalau miezi 12. Juu ya hapo, anayekataa anaingizwa moja kwa moja kwenye kundi la madereva wa hatari kubwa, tutakaloeleza mbele. Mtu ambaye pengine angepata 38 na kurudi nyumbani kwa teksi anajitengenezea kesi nzima. Kupuliza nusunusu kunahesabiwa kukataa. Kusema "nasubiri wakili wangu" nako kunahesabiwa kukataa. Unayo haki ya wakili, lakini sampuli haimsubiri. Mwenye pumu au ugonjwa wa mapafu aseme hapohapo, kabla ya kujaribu, na ahakikishe imeandikwa. Ukisema mara ya kwanza mbele ya hakimu, utaulizwa mbona hukusema usiku ule.

Sasa adhabu yenyewe. Kuendesha ukiwa juu ya kikomo kuna kifungo cha hadi miezi 6, faini isiyo na ukomo, na marufuku ya kuendesha isiyopungua miezi 12. Kosa la pili ndani ya miaka 10 linaipandisha marufuku hadi miaka 3 kwa uchache. Mahakimu wanafuata mwongozo wa hukumu unaokwenda kwa namba ya pumzi. Kati ya 36 na 59 ni faini na marufuku ya miezi 12 hadi 16. Kati ya 60 na 89 bado ni faini, lakini marufuku inafika miezi 17 hadi 22. Ukiingia 90 hadi 119, hakimu anaanzia kwenye adhabu ya kutumikia jamii na miezi 23 hadi 28 bila leseni. Kuanzia 120, pa kuanzia ni wiki 12 gerezani, na leseni inakwenda miezi 29 hadi 36.

Faini inapimwa kwa mshahara wako wa wiki baada ya makato. Ngazi ya kawaida ya kosa hili ni asilimia 150 ya kiasi hicho. Tuseme mtu anapokea pauni 400 kwa wiki: faini inaanzia 600. Akikiri kosa siku ya kwanza inapungua kwa theluthi, inakuwa 400. Kisha inakuja tozo ya wahanga, asilimia 40 ya faini, yaani 160, na gharama za mashtaka ambazo kwa anayekiri mara nyingi ni pauni 85. Jumla 645. Inauma, lakini inalipika, hata kwa awamu.

Marufuku hailipiki. Kukiri kosa hakuipunguzi hata siku moja. Wakili anaweza kueleza kwamba mteja wake atapoteza kazi, ana watoto wanne, anamtunza mama mgonjwa. Hakimu atasikiliza, ataandika, na ataitoa miezi 12 vilevile, kwa sababu sheria haimpi njia. Hoja ya ugumu wa maisha inasikilizwa kwa dereva aliyejaza alama za makosa madogomadogo, si kwa mlevi. Kinachoweza kuikwepa marufuku ni kile kinachoitwa sababu maalumu, nacho lazima kihusu tukio lenyewe: uliwekewa pombe kwenye kinywaji bila kujua, palikuwa na dharura ya kweli, au ulisogeza gari umbali mfupi sana bila hatari kwa mtu. Hata hapo mzigo wa kuthibitisha ni wako, na hakimu akikubali bado halazimiki kukuachia.

Marufuku inaanza hapohapo mahakamani, dakika inapotamkwa. Usiende na gari lako. Kila mwaka wapo wanaotoka nje ya jengo, wanawasha gari, na wanakamatwa kwa kuendesha wakiwa wamefungiwa: kosa jipya, lenye kifungo chake cha hadi miezi 6, na bila bima maana bima haimtambui asiye na leseni.

Kwa nini tunaikazania leseni kuliko gereza? Kwa sababu Waswahili wengi tunaokutana nao siku hizi hawabebi tena maboksi ghalani. Ni wahudumu wa wazee, wanaozunguka nyumba kwa nyumba kwa gari kuanzia asubuhi, na walikuja kwa viza inayodhaminiwa na mwajiri. Njia ya kuleta wahudumu wapya kutoka nje imefungwa tangu Julai 2025, lakini waliokuwepo wanaendelea, na kazi yao imeshikana na usukani. Ukifungiwa leseni, huwezi kuzunguka. Usipoweza kuzunguka, mwajiri anaweza kukuachisha. Akikuachisha, ana siku 10 za kazi kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani, na wizara kwa kawaida inaifupisha viza yako hadi siku 60. Ndani ya siku hizo utafute mwajiri mwingine mwenye kibali cha kudhamini, ambaye atakuta hukumu yako kwenye cheti cha rekodi za jinai, na ambaye huenda naye anataka mtu mwenye leseni. Hakimu hakukufukuza nchini, wala hakuna karatasi ya mahakama inayosema hivyo. Ni faini ya pauni mia nne na miezi 12 tu. Mnyororo uliobaki unajivuta wenyewe.

Fomu za viza, za makazi ya kudumu na za uraia zote zinauliza kuhusu hukumu. Jaza ukweli. Kuficha ni kosa baya kuliko lile la pombe, na linaweza kukufungia milango kwa miaka. Anayehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi anaangukia chini ya sheria ya mwaka 2007 inayomtaka waziri amfukuze mgeni huyo, isipokuwa kwa vighairi vichache. Ulevi wa kawaida haufikishi hapo kwa kuwa ukomo wake ni miezi 6. Ukiua mtu, unafika. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa uzembe ukiwa juu ya kikomo kulikuwa na ukomo wa miaka 14. Kwa makosa ya kuanzia tarehe 28 Juni 2022 ukomo ni kifungo cha maisha, na marufuku isiyopungua miaka 5 inayofuatwa na mtihani mrefu wa udereva. Aliyekataa kutoa sampuli baada ya ajali kama hiyo anaweza kushtakiwa kwa kosa hilohilo.

Yako mambo mawili yanayowashangaza wageni. Moja ni kulala ndani ya gari. Mtu anajiona mwerevu: amekunywa, hataki kuendesha, anajilaza kiti cha nyuma. Kama funguo anazo na gari liko barabarani au mahali pa umma, anaweza kushtakiwa kwamba gari lilikuwa mikononi mwake akiwa amelewa: hadi miezi 3 jela, faini hadi pauni 2,500, na alama 10 kwenye leseni au kufungiwa. Utetezi upo, kwamba hapakuwa na uwezekano wa kuendesha kabla ya kilevi kushuka, lakini ni wewe unayetakiwa kuuthibitisha. Risiti ya teksi iliyoagizwa kwa ajili ya asubuhi inasaidia. Injini inayonguruma kwa ajili ya joto inaharibu. Na kwa aliyefaulu mtihani wa Uingereza chini ya miaka miwili iliyopita, alama 6 tu zinatosha kumfutia leseni, sembuse 10.

La pili ni zile skuta za umeme wanazopanda vijana wanaopeleka vyakula. Kisheria ni vyombo vya moto. Ukiipanda umelewa unafungiwa leseni ya gari, hata kama gari huna.

Kuhusu dawa za kulevya safu yenu haikusema chochote, na huko ndiko kwenye mtego mkubwa zaidi. Tangu tarehe 2 Machi 2015 kuna vikomo vya damu kwa dawa, leo zikiwa 17. Kwa zile haramu, kikomo kimewekwa karibu na sifuri kwa makusudi: bangi ni mikrogramu 2 za THC, kile kiini chake kinacholevya, katika lita moja ya damu, kokeini ni 10, heroini inapimwa kwa mabaki yake na kikomo ni 5. Askari anapangusa mate kwa kijiti barabarani kutafuta bangi na kokeini, kisha damu inachukuliwa kituoni. Mvutaji wa kila siku anaweza kuzidi 2 hata kama hajavuta siku hiyo, na haisaidii kuthibitisha kwamba uliendesha vizuri, maana kosa ni namba, si uendeshaji. Adhabu ni sawa na za pombe, miezi 12 ya marufuku ikiwemo.

Dawa za hospitali zina vikomo vya juu zaidi: diazepam 550, mofini 80, methadoni 500. Aliyeandikiwa na daktari na akameza kama alivyoelekezwa ana utetezi, mradi hakuwa amelegea kiasi cha kushindwa kuendesha. Tembea na cheti cha dawa au boksi lenye jina lako. Tahadhari kubwa ni kwa dawa zinazotoka nyumbani kwenye begi: kodeini hugeuka kuwa mofini mwilini, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyonunuliwa duka la mtaani haina jina la daktari wala lako.

Na mirungi? Huko Meru na Mombasa ni biashara halali, lakini Uingereza ni dawa haramu ya daraja C tangu tarehe 24 Juni 2014. Haimo kwenye orodha ya vikomo, kama ambavyo tramadol haimo. Lakini kifungu cha 4 cha ile sheria ya mwaka 1988 kinamkamata yeyote asiyeweza kuendesha vizuri kwa sababu ya kinywaji au dawa, iwe imo kwenye orodha au la. Askari ataangalia mboni za macho, atakwambia ufumbe macho ukadirie sekunde 30, utembee kwenye mstari kisigino kikigusa kidole, usimame mguu mmoja, uguse pua kwa kidole. Aliyetafuna usiku kucha akaendesha alfajiri bila usingizi anaweza kufeli majaribio hayo hata kwa uchovu peke yake.

Mwisho, njia ya kurudi barabarani. Hakimu akikupa marufuku ya miezi 12 au zaidi kwa kosa la pombe, anaweza kukupa nafasi ya kozi ya madereva walevi. Ikubali hapohapo, kwa sababu baadaye hutaipata. Ni takriban saa 16 zilizogawanywa kwa siku tatu, unalipia mwenyewe hadi pauni 250, na inakata hadi robo ya marufuku: miezi 12 inakuwa 9. Lakini lazima umalize kabla ya tarehe iliyoandikwa na mahakama, ambayo ni miezi miwili kabla ya ile miezi 9 kwisha. Mwenye leseni ya Uingereza hutumiwa na DVLA, mamlaka inayotoa leseni za udereva, fomu ya kuomba upya, siku 56 kabla ya marufuku kwisha, kwa anwani iliyoko kwenye kumbukumbu zao. Aliyehama bila kuwaarifu haipati. Wa hatari kubwa, yaani waliofikisha 87.5 au zaidi kwa pumzi, au waliokataa sampuli, au wenye makosa mawili ndani ya miaka 10, hutumiwa siku 90 kabla, na hawarudishiwi leseni mpaka wapimwe na daktari wa DVLA, pamoja na kipimo cha damu kinachoonyesha unywaji wa wiki zilizopita. Anayeendelea kunywa sana anafeli, na anakaa bila leseni hata kama miezi aliyopewa na hakimu imekwisha.

Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya ana hali ngumu zaidi. Inatumika Uingereza kwa miezi 12 tu tangu aanze kuishi, na haibadilishwi kuwa ya Uingereza kama ya Afrika Kusini au Zimbabwe. Marufuku inamhusu sawasawa, na ikiisha, muda wa leseni yake ya nyumbani nao umeshapita. Ataomba leseni ya mwanafunzi, atafanya mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani, na alama ya DR10, yaani ile ya kuendesha ukiwa juu ya kikomo cha kilevi, itakaa kwenye kumbukumbu yake ya udereva kwa miaka 11. Kampuni za bima huuliza miaka mitano ya nyuma, kwa hiyo aulizie bei ya bima kabla ya kununua gari.

Wasomaji wenu,
Leicester, Uingereza